Laini ya Mitungi

Mwaka 2017 tulikuwa tunaishi Kayole, ghorofa ya nne, katika ploti yenye mfereji mmoja chini karibu na geti. Mvua za vuli za 2016 zilikuwa haba, na bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokuwa likiipa Nairobi zaidi ya asilimia 80 ya maji yake, likapungua. Mgao ukaanza Januari. Kwetu maji yalikuja usiku mmoja kwa wiki, na kuna usiku ambapo hewa tupu ilikoroma ndani ya paipu.

Waliopiga laini hawakuwa watu, ilikuwa mitungi. Mama aliandika herufi yake kwa rangi ya kucha kwenye mtungi wa njano wa lita 20, uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, akauacha gizani, akapanda kulala. Nguo ziliibwa kambani, lakini nafasi ya mtungi haikuguswa na mtu.

Ndani ya nyumba maji yalifanya kazi tatu: yalifua, yakapiga deki, yakamalizikia chooni.

Jioni moja binamu yangu alituonyesha Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009. Humo vita vya maji vimeshapita, watu wamejifungia ndani ya jengo, na jasho na mkojo wao husafishwa wanywe tena. Mhusika mkuu, Asha, anatoroka kwenda jangwani kupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho. Mama alitazama hadi mwisho, ndoo mapajani.

"Hawa wana afadhali," akasema. "Angalau wanapimiwa."

Machi ilitukuta wiki ya tatu bila tone. Mtungi wa mkokoteni ulikuwa umetoka shilingi 20 hadi 50, tena maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu. Asubuhi moja kina mama wakashuka na mitungi mitupu, wakaipanga barabarani mmoja nyuma ya mwingine, toka ukingo huu hadi ule. Hakuna aliyeokota jiwe. Matatu zikasimama, honi zikalia. Dereva mmoja akashuka, akainama kuusogeza mtungi wa Mama.

"Kijana, hiyo ni laini," Mama akamwambia. "Kaa nyuma."

Akarudi garini.

Kesho yake usiku mfereji ulitoa maji ya kahawia kwa saa mbili. Ikiwa ni barabara ile iliyoyaleta, au zamu yetu tu ilikuwa imefika, hatukuambiwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Lakini tangu 2017 Mama huweka mtungi mmoja uliojaa nyuma ya mlango, na hauguswi ila mfereji ukikauka. Anauweka hadi leo.