Hati za Monica Wilson na Wenye Maneno

Katika nchi tambarare ya Kyela, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huishia Ziwa Nyasa, maneno mengi ya wazee wa kale hayapatikani tena kwa wenyeji. Yamehifadhiwa mbali kusini, katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa jina la Monica Wilson na mumewe Godfrey.

Monica alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, katika jamaa ya wamisionari wa Kiskoti. Godfrey alikuwa Mwingereza, mwana wa John Dover Wilson, bingwa wa tamthilia za Shakespeare. Walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakati Kyela ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Godfrey alifariki mwaka 1944. Mjane wake akazirudia daftari zile kwa miaka mingi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1951, na cha mwisho mwaka 1977.

Kitabu hicho cha kwanza, Good Company, kilijaribu kulieleza neno la Kinyakyusa, ukwangala: raha ya kukaa pamoja, kula, kunywa na kuzungumza na wenzi wa rika moja. Zamani wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakaishi humo mpaka uzee.

Neno kama hilo halijulikani kwa macho ya mgeni. Sharti asimuliwe. Miongoni mwa waliosimulia, waliofasiri na walioandika alikuwamo karani Leonard Mwaisumo, aliyeaga dunia mwaka 1938, kabla ya kitabu hata kimoja kati ya hivyo kutoka. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, na vyungu hivyo huuzwa Matema. Anunuaye huwa mwenye chungu, lakini hawi mfinyanzi. Hati nazo ni vivyo hivyo: mkusanyaji ana sifa yake, na msemaji ana yake.

Haki yataka sifa ya mkusanyaji isipunguzwe. Wazee wale wamekwisha kufa wote, na bila daftari zile mengi waliyoyasema yangalikufa pamoja nao. Lakini karatasi nayo ina adui zake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka ukaiteketeza Maktaba ya Jagger, mahali pa kusomea makusanyo maalumu ya chuo hicho. Vitabu na filamu nyingi viliungua, na watu wa kujitolea wakahamisha maelfu ya makasha kutoka vyumba vya chini. Kilichowekwa mahali pamoja chaweza kupotea kwa siku moja.

Kwa hiyo kuleta nakala Kyela ni hadhari kwanza, tena ni faida ya elimu yenyewe. Msomaji wa Cape Town aweza kuzipanga hati kwa mwaka na kwa namba. Lakini mahali ambapo mfasiri alisita, akachagua neno dogo kwa jambo kubwa, patatambuliwa na yule aliyelelewa katika Kinyakyusa. Maadamu hajaziona hati hizo, kazi iliyoanzwa mwaka 1934 haijasomwa nusu yake.