Askari wa Bati wa Chelsea na Mamluki wa Marseille



Aghalabu wazazi huuliza wawapeleke wapi watoto siku za mapumziko ya shule, mahali pasipo na gharama na penye cha kujifunza. Mwezi huu tunawashauri waishio London, na wapitao huko, wafike Chelsea. Ukishuka kituo cha Sloane Square na kutembea kiasi cha dakika kumi, utafika Royal Hospital Road, yalipo makumbusho ya jeshi la Uingereza, yaitwayo National Army Museum. Hayatozi kiingilio.

Humo mna mfano wa uwanja wa vita wa Waterloo, ulioko nchini Ubelgiji, ambako Napoleon wa Ufaransa alishindwa tarehe 18 Juni 1815. Mfano huo una eneo la takriban futi za mraba 400. Mashamba, miti, nyumba na vilima vyote vimo, na juu yake wamepangwa askari wa bati na risasi zaidi ya 70,000, kila mmoja mdogo kuliko ncha ya kidole.

Aliyeutengeneza ni ofisa wa jeshi, William Siborne. Alipewa kazi hiyo mwaka 1830, akaenda kuishi miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wenyewe, akiupima ardhi kwa ardhi. Kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana siku ile, akawauliza: ulisimama wapi, uliona nini, mimea shambani ilikuwa ya namna gani? Mwaka 1833 serikali ikasita kutoa fedha. Siborne akaendelea kwa fedha zake na za mkopo. Mwaka 1838 kazi yake ikaonyeshwa London, na watu wakamiminika kuitazama.

Lakini palizuka ugomvi. Siborne alichagua kuonyesha saa ya jioni, vita vilipokuwa vinaamuliwa, na kwa mujibu wa ushahidi alioukusanya aliwapanga Waprusi kwa makumi ya maelfu upande wa mashariki. Waprusi walikuwa washirika wa Waingereza. Wakubwa waliomzunguka Wellington, jemadari wa Waingereza, hawakuridhika, kwani wingi ule ulionekana kuwagawia wengine ushindi waliouhesabu kuwa wao. Siborne alishikilia kwa muda, mwisho akasalimu amri, na maelfu ya Waprusi wa bati wakang'olewa. Alifariki mwaka 1849. Barua zile hazikupotea. Mwanawe alichapisha nyingi miongoni mwake mwaka 1891.

Kazi hii ya askari wadogo haikuishia makumbushoni. Wako Waingereza wengi, watu wazima wenye kazi na familia, ambao nyumbani hupanga majeshi ya zama za Napoleon juu ya meza na kuchezea vita kwa kanuni, kete na futikamba. Wengine hupenda zaidi sanamu kongwe za miaka ya 1960 na 1970, kama zile za Hinton Hunt, au za Miniature Figurines ya mjini Southampton, zenye urefu wa milimita 20 hadi 25. Huzinunua zimekwishatumika, zimevunjika panga na kupakwa rangi juu ya rangi.

Mwenye sanamu huiloweka katika dawa ya kuondolea rangi, akaisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka madini yaonekane. Akitaka kumgeuza askari wa aina moja awe wa aina nyingine, humkata kichwa kwa msumeno mwembamba, akatoboa shingo, akatia kipande cha waya na kuunga kichwa kipya. Kilemba au joho hufinyangwa kwa lakiri ya sehemu mbili, ambayo ikichanganywa huwa laini kama unga uliokandwa na baada ya saa chache hukauka ikawa ngumu. Hufuata rangi ya msingi, kisha rangi za mavazi: iliyokoza mikunjoni, iliyofifia palipoinuka. Tahadhari moja ni wajibu: sanamu hizo kongwe nyingi zina risasi, na risasi ni sumu. Vumbi lake lisivutwe puani, mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wadogo wawekwe mbali. Kuhusu hukumu ya kumiliki sanamu, tunawaachia masheikh.

Miongoni mwa askari wanaopendwa sana na wapaka rangi ni yule mwenye kilemba, suruali pana nyekundu na upanga wa kupinda: Mamluki. Kwetu neno hilo humaanisha askari wa kukodiwa. Asili yake ya Kiarabu ni mtu anayemilikiwa. Mamluki walitawala Misri hadi Napoleon alipoivamia mwaka 1798 na kuwashinda karibu na Mapiramidi tarehe 21 Julai. Baadhi yao waliingia katika jeshi lake, na Wafaransa walipoondoka mwaka 1801 walihama nao pamoja na wake na watoto, Waislamu na Wakristo, Wamisri na Washamu. Wengi wa familia hizo waliwekwa katika mji wa Marseille.

Habari za Waterloo zilipofika Marseille, tarehe 25 Juni 1815, umati wa maadui wa Napoleon uliwageukia wageni hao. Waliuawa mitaani, na baadhi yao hawakuwahi kushika silaha. Kosa lao lilikuwa kuletwa na mtu aliyeshindwa, na kutambulikana kwa sura na mavazi. Vilemba vile vile ambavyo leo hupakwa rangi kwa uangalifu juu ya meza, siku ile viliwaponza wenye navyo.

Atakayekwenda Chelsea na watoto, basi, awasimamishe kwanza upande wa mashariki wa mfano ule, walikotokea Waprusi, awasimulie kwa nini ni wachache. Kisha awaambie habari za Marseille, kwani pale mezani hazimo, na mtoto wa mhamiaji anastahili kuzijua.