Bimu Imekaa Juu ya Nini?

Kenchi ya kwanza niliyoipigia hesabu sikuiandikia mlinganyo hata mmoja. Niliichora. Ilikuwa shule ya sekondari ya ufundi, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwalimu alitugawia karatasi kubwa, penseli ngumu na kipimo cha kufuata: sentimita 1 ya mstari iwe kilonewton 1 ya mzigo. Unaanza na uzito wa bati na mbao na nguvu ya upepo, kila mzigo ukiwa mstari, huu ukianzia pale ulipoishia ule. Kisha unaingiza kani za maegemeo mawili, yaani nguvu ambazo kuta zinaisukuma nazo kenchi kwenda juu. Baada ya hapo unakwenda kiungo kwa kiungo, na kila ubao unauchorea mstari ulio sambamba nao. Mwisho wa yote mchoro lazima ujifunge. Ncha ya mstari wa mwisho isipogusa ule wa kwanza, kuna mahali umeteleza, na hakuna wa kukuokoa isipokuwa kifutio.

Njia hiyo ilikuwa imeshapita miaka mia moja. James Clerk Maxwell aliieleza mwaka 1864, na Luigi Cremona wa Italia akaipa umbo lake la kitabuni mwaka 1872. Sisi majina hayo hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba ukimaliza, unapima mstari kwa rula na urefu wake ndiyo nguvu iliyomo ndani ya ubao ule. Na mwelekeo wake unakuambia kama ubao unavutwa au unakandamizwa. Nguvu nilianza kuziona kwa macho kabla sijazijua kwa namba, na hadi leo nashukuru kwamba zilinijia kwa mpangilio huo.

Mlimani mambo yakawa mengine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973, na mimi niliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukiwa wasichana wachache sana darasani. Huko kila kitu kilianzia kwenye masharti matatu: nguvu za kwenda juu zilingane na za kwenda chini, za kulia zilingane na za kushoto, na momenti, yaani nguvu mara umbali wake, kuzunguka nukta yoyote uitakayo zijumlishwe ziwe sifuri. Chukua bimu ya mita 6 iliyokaa juu ya kuta mbili, yenye mzigo wa kilonewton 30 mita 2 kutoka ukuta wa kushoto. Zungushia hesabu yako kwenye ukuta huo wa kushoto: mzigo unageuza kwa 30 mara 2, yaani 60, na ukuta wa kulia unazuia kwa nguvu yake mara 6. Basi wa kulia unabeba 10, wa kushoto 20. Na pale chini ya mzigo, bimu inapindwa kwa 20 mara 2, yaani kilonewton-mita 40. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji kwa mti yeye na mwenzake analijua jibu hili begani: aliye karibu na ndoo ndiye anayeelemewa.

Kisha ukaja mzigo uliotandazwa, kama uzito wa sakafu juu ya bimu, na pamoja nao ile hesabu ambayo kila mhandisi wa majengo anaikumbuka hata usingizini: mzigo wa kila mita, mara kipeo cha pili cha urefu, gawanya kwa 8. Bimu ya mita 5 yenye kilonewton 20 kwa kila mita inapindwa kwa 62.5 katikati. Sikuipa uzito hesabu hiyo mpaka niliporudi likizo nyumbani kwa babu mzaa mama, Pangani, nikatazama dari.

Nyumba za zamani za mawe za pwani yetu, Pangani, Unguja na Lamu, zina vyumba virefu na vyembamba. Upana hauzidi sana mita 3, mara nyingi ni pungufu ya hapo. Kinachoamua ni boriti. Miti ya mikoko ilikatwa na kupangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikahesabiwa kwa korija ya miti 20, na mingi ikapakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba, ambako nako vyumba vilijengwa kwa upana uleule wa boriti. Babu alikuwa fundi wa nyumba hizo. Nilimwuliza kwa nini asiunganishe boriti mbili apate chumba kipana. Akasema, "Mjukuu wangu, chumba kikiwa kipana dari linakaa tumbo." Hakuandika lolote. Lakini kipeo cha pili cha urefu kilikuwa kwenye jibu lake: ongeza upana wa chumba mara mbili, na kila boriti, kwa mzigo uleule wa kila mita, itapindwa mara nne. Chokaa na mawe ya dari la nyumba ya pwani si mzigo mdogo. Nadhani nilipenda fani hii kwa dhati siku ile, maana niliona kuwa ile kanuni ya ubaoni ilikuwa imeishi kwetu miaka mingi bila alama zake.

Bimu ya maegemeo mawili ni rahisi kwa sababu masharti matatu yanatosha. Ikishapita juu ya egemeo la tatu, hayatoshi tena. Unaweza kuandika milinganyo yako yote ya usawa na bado usijue kila nguzo inabeba kiasi gani, kwa kuwa jibu sasa linategemea jinsi bimu yenyewe inavyojikunja. Kwa kazi hiyo tulifundishwa njia ya Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyeitangaza mwaka 1930 katika makala fupi ya kurasa kumi hivi. Sijui makala nyingine ya kurasa chache namna hiyo iliyowatua wahandisi mzigo mkubwa kiasi kile.

Tuifanye, maana ni nzuri. Bimu ina sehemu mbili, kila moja mita 6, na mzigo wa kilonewton 20 kwa mita. Inakaa juu ya ukuta, nguzo ya kati, na ukuta mwingine. Kwanza unajifanya kwamba kila egemeo limeibana bimu isizunguke hata kidogo. Hapo momenti kwenye kila ncha ya kila sehemu ni mzigo mara kipeo cha pili cha urefu gawanya kwa 12: 60. Halafu unajiuliza ukweli. Nguzo ya kati: bimu inapita juu yake na pande mbili ziko sawa, basi zinashindana nguvu na hapazunguki kitu. Kuta za pembeni: zinaweza kuibana bimu? Haziwezi. Basi unaachia ncha zile, momenti zake zinakuwa sifuri, na nusu ya kile ulichokiondoa, yaani 30, inavuka kwenda katikati. Juu ya nguzo ya kati sasa kuna 90. Ukirudi kwenye usawa unapata kani za maegemeo: kuta 45 kila mmoja, nguzo ya kati 150. Jumla 240, ndiyo mizigo yote. Wengi wangeigawia nguzo ya kati nusu tu, 120. Inabeba zaidi, na msingi wake lazima ujue hivyo.

Nilipoanza kazi, hatua hizo tuliziandika kwenye jedwali, na jengo zima la ghorofa lilikuwa na jedwali kama hilo kwa kila fremu. Tulibana na kuachia, tukavusha nusu, tukarudia mpaka namba zitulie. Wakubwa wetu walitumia rula ya kutelezesha, inayotoa tarakimu tatu na si zaidi. Sisi tulikuwa na vikokotozi vidogo vya Casio. Kompyuta hazikuwepo ofisini, na hilo lilikuwa na sababu yake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo halikuondoka moja kwa moja mpaka miaka ya 1990. Wenzetu wa Berkeley, Marekani, walikuwa na SAP, programu ya Edward Wilson ya kukokotoa majengo, tangu mwaka 1970. Sisi tulikuwa na karatasi za miraba.

Sitaki kuisifia kazi ile kuliko inavyostahili. Ilichosha. Mteja akibadili ukuta mmoja, siku tatu za jedwali zinakwenda na maji. Kwa hiyo kompyuta ilipoingia ofisini kwetu, skrini nyeusi na herufi za kijani, niliipokea kwa moyo mweupe. Tulianza kwa kuandika namba za viungo mstari kwa mstari. Baadaye zikaja programu unazochora jengo kwa kipanya, Prokon ya Afrika Kusini ambayo ofisi nyingi za kwetu zinaitumia, kisha ETABS na nyinginezo. Fremu iliyokula wiki sasa inakula sekunde. Unaweza kujaribu upana wa aina tano kabla ya chai ya saa nne. Majengo yanayopanda Dar es Salaam leo, kwa upepo wake na udongo wake, yasingewezekana kwa jedwali langu la penseli.

Ila kuna kitu kilikuwa kikija bure pamoja na ile kazi ya kuchosha. Hukuweza kuandika hata namba ya kwanza ya jedwali la Cross bila kujiuliza: ncha hii imeshikwa na nini? Swali lilikuwa mlangoni. Sasa limekuwa kisanduku kidogo cha kubonyeza, na usipokibonyeza programu inajichagulia yenyewe au inabaki na ulichokiacha jana.

Kijana mmoja wa ofisini kwetu, mwenye akili na bidii, aliniletea hesabu za jengo la madarasa la ghorofa moja. Alinisalimia, akatandaza karatasi.

"Mama, iko sawa. Nimejumlisha kani za maegemeo, zimelingana na mizigo."

Nikatazama. Bimu ilikuwa na sehemu mbili za mita 6, kilonewton 20 kwa mita. Kani: 60, 120, 60. Jumla 240, sawasawa. Momenti juu ya nguzo ya kati 60, katikati ya kila sehemu 30.

"Huku mwisho bimu imekaa juu ya nini, mwanangu?"

"Juu ya ukuta, mama."

"Ukuta wa zege?"

"Wa tofali."

"Na tofali litaibana bimu isizunguke?"

Akanyamaza, akavuta kompyuta yake karibu. Alikuwa ameanzia kwenye faili la kazi iliyopita, ambayo bimu zake ziliishia ndani ya kuta nene za zege, na ncha zilikuwa bado zimebanwa. Usawa haukuweza kumwonya, kwa kuwa usawa ulikuwepo. Mizigo 240, kani 240, katika hali zote mbili. Tofauti ilikuwa ndani: juu ya nguzo ya kati palihitajika nondo za 90, yeye aliweka za 60, katikati ya sehemu palihitajika za karibu 51, yeye aliweka za 30. Zege lingemwagwa, rangi ingepakwa, watoto wangeingia. Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka Ijumaa Kuu na kuua zaidi ya watu 30. Sisemi sababu ilikuwa kama hii. Nasema kwamba tangu siku ile sijaweza kuiona namba ya momenti kama namba tu.

Tukachukua karatasi. Nikamwonyesha Cross: bana, achia, vusha nusu. Hakuwa amewahi kuifanya nje ya mtihani. Ilimchukua muda mfupi kufika 90, na aliporudi kwenye programu akaziachia ncha, nayo ikatoa 90. Akaipanua mipaka ya msingi wa nguzo ya kati, akaongeza nondo za juu na za chini, akarekebisha orodha ya kukatia nondo kabla haijakwenda kwa fundi.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akabaki anaiangalia ile nguzo ya kati.

"Mama, na udongo ukishuka pale katikati?"

"Unadhani itakuwaje?"

"Nguzo itapokea kidogo, kuta zitapokea zaidi. Ile 90 itapungua, na katikati ya sehemu itaongezeka." Akafikiri tena. "Ikishuka kabisa, ni bimu ya mita 12. 20 mara 144, gawanya kwa 8. Ni 360."

"Na ikishuka milimita 10 tu?"

Akageuza karatasi upande wa pili, akachora bimu, akaandika milimita 10 chini ya nguzo ya kati, na tukaanza.