Papa Aliyelia

Juma hili tunaungama kosa letu wenyewe, huenda mzazi mwingine akaepukana nalo.

Alasiri moja ya likizo tulimkuta mjukuu wetu, binti wa miaka kumi, amejikunja barazani na kitabu, amezama hata salamu yetu hakuisikia. Tulifurahi, kwani mtoto huyu kusoma kwake ni kwa kusukumwa. Lakini tulipoinama tuliona kurasa zimegawanywa visanduku, kila kisanduku na picha yake na maneno machache. Kilikuwa kitabu cha Kimarekani cha mwaka 2008, Rapunzel's Revenge, cha Shannon na Dean Hale, kilichochorwa na Nathan Hale. Mjomba wake alikuwa amemletea kutoka ughaibuni. Binti yule ambaye katika ngano za ndugu Grimm alifungiwa mnarani, hapa anajitoa kifungoni mwenyewe, na misuko yake mirefu anaitumia kama mjeledi.

Tulikichukua. Tulisema kwamba hizo ni katuni, si kusoma, tukakifungia kabatini. Mtoto hakulia. Alisema, "Samahani, babu," akaingia ndani. Siku zilizofuata hakushika kitabu chochote, wala usiku hakuja kusikiliza hadithi, jambo tulilolizoea sisi na yeye tangu alipokuwa akikaa mapajani.

Baada ya juma moja bibi yake alituwekea daftari mbele yetu, asiseme neno. Mtoto alikuwa amechora kwa kalamu za rangi, kisanduku baada ya kisanduku, hadithi tuliyomsimulia mara nyingi: ya kima na papa. Kima yu juu ya mkuyu, kila siku anamtupia papa matunda. Kisha papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na katikati ya bahari anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima.

Sisi husimulia mahali hapo kwa haraka, tukikimbilia ujanja wa kima anaposema kwamba mioyo yao huiacha mtini. Mtoto hakukimbia. Alikipa kisanduku kizima uso wa papa, na machozi yakimtoka papa huyo humo humo baharini. Tulimwita tukamuuliza sababu. Akajibu, "Babu, yule ni rafiki yake. Na sultani naye ni mkubwa wake. Angefanyaje?"

Tulinyamaza. Miaka yote tumeihitimisha hadithi ile kwa kuwaonya watoto wajihadhari na marafiki wabaya. Hatukuwahi kumfikiria aliyetumwa na mkubwa wake kumdhuru mwenziwe, ilhali watu wa namna hiyo tunao mitaani na hata katika nyumba zetu. Picha ilimlazimisha mtoto aulize papa ana uso gani, na kwa kuuliza hivyo akaona tusichokiona.

Usiku ule tulikumbuka jambo tulilolisoma ujanani tukalipita. Hadithi ya kima na papa ni ndugu wa ile ya nyani na kobe iliyomo katika Kalila wa Dimna, kitabu chenye asili ya Bara Hindi ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kutoka Kipahlavi katika karne ya 8. Katika utangulizi wake anaeleza kwamba maneno yametiwa vinywani mwa wanyama ili vijana wavutike, na kwamba picha za wanyama kwa rangi mbalimbali zimekusudiwa kuburudisha nyoyo za wafalme. Nakala yake ya karne ya 13, yenye picha, ingali imehifadhiwa Paris. Basi kitabu tulichokisoma kwa heshima kilikuwa na picha kabla ya hizo katuni kuzaliwa. Hadithi yenyewe ilivuka bahari, kobe akawa papa, na Edward Steere alipoichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Unguja, ilikuwa tayari imekuwa yetu.

Kuhusu kuchora viumbe, wanazuoni wana kauli zao, na kila mzazi afuate anayemwamini. Ila tusijifiche nyuma ya fiqhi. Hatukukipokonya kitabu kile kwa hoja ya dini; tulikipokonya kwa kuwa hatukukizoea.

Hatusemi kila kitabu cha picha kinafaa. Viko visivyo na adabu, na viko vilivyoichuja ngano hadi ikabaki mbio na ngumi. Dawa yake ni mzazi kuketi na mtoto, wasome pamoja, kisha amuulize: hii na ile ya bibi zimetofautiana wapi, na ipi imekugusa? Nao vijana wetu wenye mikono ya kuchora wasingoje ngano zetu zichorwe na wengine.

Tulimrudishia mjukuu wetu kitabu chake na kumwomba radhi. Alituambia kwamba sasa anachora kisa cha punda wa dobi, yule anayesemwa hana moyo wala masikio kwa kuwa aliponea chupuchupu kwa simba, akarudi tena. Tulimwomba atuchoree na sisi pembeni, tukisikiliza. Masikio tunayo, alhamdulillahi. Mola atujaalie kuyatumia.