Hadithi za Patroni wa Kisangani



Kazi ya kanisa ilinipeleka Kisangani. Nilivuka mto toka Lubunga kwa mtumbwi, halafu nikapanda toleka, zile kinga za kubeba watu. Kijana mwenye kuendesha alikuwa mwenye maneno mengi. Tulipofika mbele ya komptwari za almasi, zenye kuta za kuchorwa mawe ya kung'aa, akapunguza mwendo.

«Pasta, unaona pale? Patroni mmoja alikuwa ananunua mawe pale, hata maaskari walimuogopa. Alikuwa na walinzi wake, na ndege yake.»

«Ulimuona?»

Akacheka. «Sikuwa nimezaliwa. Watu ndio wanasimulia.»

Nisiseme uongo, nilisikiliza mpaka mwisho. Hadithi hizo ni tamu. Sisi wa migodini tulikulia kwenye video za mafia ya Amerika, na vijana wetu wanamjua Al Capone wa Chicago kuliko nabii Habakuki. (Mwisho wake hawaujui: mwaka 1931 alihukumiwa kifungo cha miaka 11, juu ya kodi tu.) Maskini anapenda kusikia habari za mtu ambaye wakubwa hawakumuweza, kwa sababu wakubwa hao wamemuonea yeye kila siku.

Lakini Kisangani haikuwa sinema. Majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo kama marafiki mwaka 1998, yaligombea mji huu na mali yake. Yalipigana Agosti 1999, tena Mei 2000, na tena tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000: ile vita ya siku sita. Umoja wa Mataifa ulihesabu mabomu zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliokufa na 1,700 hivi waliojeruhiwa. Wachunguzi wake waliandika mwaka 2001 kwamba Uganda, nchi isiyo na mgodi wa almasi unaojulikana, ilikuwa inauza almasi nje. Mwaka 2002 wakaeleza mitandao yenyewe: maofisa wa jeshi, wanasiasa na wafanyabiashara, wote meza moja. Basi, yule patroni aliogopwa na maaskari gani? Maaskari walikuwa wenzake wa biashara.

Februari 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 juu ya uharibifu wa vita ile yote.

Nilimuomba kijana anipeleke kwenye makaburi ya siku sita. Njia aliijua bila kuuliza. Akaegemeza kinga yake kwa mti.

«Mdogo wa mama yangu ako hapa.»

«Nisimulie basi habari yake.»

Yule mwenye maneno mengi akaangalia chini.

«Hiyo nyumbani hawasimulii, Pasta. Alitumwa kuchota maji.»