Taa za Mwalimu

Mtu hakuumbiwa macho ya usiku. Paka, fisi na punda wana mfano wa kioo nyuma ya jicho, kiurudishacho mwanga kidogo ulioingia ili utumike mara ya pili. Ndiyo sababu macho yao huwaka kama makaa mbele ya taa. Binadamu alinyimwa kioo hicho akapewa akili, na kwa akili hiyo akafanya mwenge, kandili, karabai, na mwisho taa ya umeme. Kila taa ilimwonyesha mbali kuliko ile iliyoitangulia. Walakini hapana taa iliyopata kumfundisha mtu namna ya kuitumia. Fundisho hilo hutoka kwingine, na aghalabu huja pamoja na msiba, au na msiba uliopita karibu sana.

Mwalimu mmoja wa hesabu alikaa upande wa Simanjiro, katika nyanda za nyasi ambazo pundamilia na nyumbu wa Tarangire huzijia wakati wa mvua. Alikuwa na Land Rover kuukuu. Kijijini pale pikipiki zilikuwako, lakini gari la kumchukua mgonjwa amelala halikuwako jingine. Basi gari la Mwalimu lilikuwa lake mchana, na usiku lilikuwa la kila mtu. Mlango wake ukibishwa baada ya saa nne, hakuuliza nani wala kwa nini. Alichukua ufunguo.

Usiku mmoja wa kiangazi alimchukua mwanamke aliyeshikwa na uchungu, pamoja na mama mkwe wake. Njia ilikuwa ya vumbi, lakini mahali hapo imenyoka, na kilio cha nyuma kilimhimiza mguu. Mshale ulisimama kwenye kilomita 80 kwa saa. Mara kundi la punda likawa katikati ya njia. Walikuwa wameipa taa migongo. Hapana jicho lililong'aa kutoa habari. Mwalimu alikanyaga breki, gari likateleza ubavu juu ya changarawe, likazunguka nusu, likasimama mkono mmoja kutoka ubavu wa punda wa mwisho. Vumbi lilipotua mama mkwe alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, twende. Lakini utufikishe." Walifika, na mtoto akazaliwa salama. Aliyetetemeka mpaka alfajiri ni dereva.

Maadamu alikuwa mtu wa hesabu, aliiweka hofu yake katika tarakimu. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita 22 hivi kwa kila sekunde. Jicho huona, akili huamua, mguu huhama. Katika sekunde moja na nusu ya kazi hiyo gari limekwisha kwenda mita 33. Baadaye breki huanza kufanya kazi, na juu ya changarawe legevu zaweza kuhitaji mita 60 zaidi. Jumla yapita 90. Taa za gari lake kuukuu zilionyesha vyema mita 50 hivi. Kwa hiyo kila alipokwenda mwendo ule usiku, alikuwa akiendesha ndani ya giza lililo mbele ya mwanga wake, akitumaini kwamba mahali asipopaona ni patupu. Hesabu hii ilikuwa na majibu mawili: kuongeza mwanga, au kupunguza mwendo. Mwalimu alichagua lile linalonunuliwa dukani.

Tangu utoto alikuwa amependa picha za magari ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Magari yale yalipambwa taa nyingi mbele, na baadhi yake zilipanda juu ya madigadi, mahali ambapo matope hayakufika upesi. Mwalimu aliyatazama kama kijana atazamavyo mavazi ya askari. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Lakini onyo hulisikia aliyekwisha kupotea.

Alinunua taa sita, kila moja ya wati 55, akampa kijana mmoja azifunge juu ya keria. Kazi ilimalizika kabla ya adhuhuri, na kwa macho ilikuwa nzuri. Ila kijana alipitisha umeme wote katika waya mwembamba, kutoka betri hadi swichi ya dashibodi, na kutoka swichi hadi keria, bila fyuzi. Taa sita za wati 55 ni wati 330; kwa betri ya volti 12 huo ni mkondo wa ampea 27 na zaidi, sawa na kumpitisha tembo katika mlango wa mbuzi. Usiku wa kwanza taa zilififia, swichi ikawa moto, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa garini. Alizima kwa haraka, na gari likapona.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa maneno machache. Alikata waya zote akaanza upya. Alieleza kwamba waya mwembamba hula umeme njiani kama mtumwa asiye mwaminifu: taa ikikosa sehemu moja katika kumi ya volti zake, hupoteza karibu sehemu tatu katika kumi za nuru. Aliweka fyuzi karibu na betri, ili waya ukikwaruzika popote ife fyuzi na gari lisife. Kisha akaweka rilei, chombo kidogo kifanyacho kazi ya bawabu: swichi humpelekea ishara ndogo tu, naye hufungua mlango mkubwa, na mkondo mzito hupita kwa njia fupi na nene kutoka betri hadi taa bila kumgusa dereva. Alipomaliza alitazama keria akasema, "Mwalimu, waya nimezitengeneza. Mahali pa taa hapajatengenezeka. Zishushe, nazo zipungue."

Mwalimu alimlipa, akamshukuru, asimtii.

Kwa majuma machache alikuwa mfalme wa nyanda. Usiku ulifunguka mbele yake kama pazia. Aliona macho ya swala kwa mbali, na miiba ya migunga ikawa myeupe. Ila mambo mawili yalitokea kimya kimya. La kwanza, vumbi au ukungu ulipotanda, taa zilizokaa juu ya macho yake ziliangaza chembe zote mbele yake, na boneti ikarudisha mng'ao usoni, hata akaona ukuta mweupe mahali pa njia. La pili lilikuwa baya zaidi kwa kuwa lilikuwa tamu: mshale wake ulipanda. Taa zilimwongezea macho, naye akaongeza mguu, mpaka nafasi kati yake na hatari ikarudi kuwa ile ile ya usiku wa punda. Alikuwa amenunua usalama, akautumia wote kununua upesi.

Siku ya hukumu yake alikuwa anarudi peke yake, hana mgonjwa wala haraka. Mbele alimwona mtu juu ya baiskeli, na madumu ya maziwa yamening'inia pande zote mbili. Alimwona vizuri, mpaka rangi ya shuka lake. Na kwa sababu alimwona vizuri hakuona haja ya kuzima. Mtu yule aliinua mkono usoni, baiskeli ikayumba, ikaingia korongoni.

Mwalimu alisimama akashuka mbio. Alimkuta ameketi katika maziwa yaliyomwagika, ameushika mkono uliovunjika. Alikuwa mzazi wa mwanafunzi wake.

"Pole, mzee wangu, pole sana," Mwalimu alisema. "Nilikuona tangu mbali."

"Ndiyo, Mwalimu," yule mzee akajibu, "wewe uliniona. Mimi sikukuona wewe, wala njia, wala mikono yangu mwenyewe."

Hakulaumu, alieleza tu, na maelezo yale yalikuwa mazito kuliko lawama. Mwalimu alimpandisha garini, akafunga baiskeli na madumu matupu juu ya keria, mbele ya zile taa, akaelekea hospitalini kwa taa za kawaida, polepole, usiku mzima. Safari ile ilimwonyesha mengi ambayo taa sita hazikumwonyesha.

Juma lililofuata alirudi kwa fundi mzee, akamwamkia, asieleze; naye fundi hakuuliza. Taa nne ziliondolewa. Mbili zilishushwa mbele ya bampa, chini ya mstari wa macho, ili nuru irudishwayo na vumbi isimpige usoni. Waya wa ishara wa rilei uliunganishwa na mwanga wa mbali wa taa za asili, hata kidole kimoja kiupunguzapo mwanga huo kwa ajili ya mtu anayekuja, zile mbili nazo hufa papo hapo. Magharibi ilipoingia walilisimamisha gari mahali sawa mbele ya ukuta wa shule, wakapima, wakapiga mistari ya chaki, wakaziinamisha taa mpaka kitovu cha nuru kikawa chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Ya kushoto iligeuzwa kidogo upande wa pembeni, ambako ng'ombe hutokea. Kisha Mwalimu alichukua chaki akaandika penye ukuta hesabu ya pili, ile aliyoiruka: kilomita 50 kwa saa, mita 14 kwa sekunde, 21 za kufikiri, 24 za breki, jumla 45. Jibu lilikuwa ndani ya nuru ya taa alizokuwa nazo tangu mwanzo. Halikuuzwa dukani, nalo halikumgharimu mtu mkono.

Taa mbili zile hazikuwa za bure. Ziliendelea kumwonyesha korongo lililokatwa na mvua na kundi lililolala njiani, na wagonjwa wengi walifika kwa msaada wake. Lakini Mwalimu hakuzihesabu tena kuwa macho yake. Alizihesabu kuwa sauti yake: kitu chema kwa mwenye haja ya kuita, na aibu kwa mwenye kumpigia kelele jirani. Kila alipoona nukta ya mwanga mbele, au kivuli cha mtu asiye na mwanga wowote, kidole chake kilitangulia kabla ya fikira.

Nuru ina watu wawili daima, yule aishikaye na yule akutanaye nayo. Wa kwanza huiona njia, wa pili huiona nuru tupu. Mwenye taa aliyemsahau wa pili yu gizani kuliko asiye na taa, kwa kuwa asiye na taa walau ajua kwamba haoni.