Makaburi Niliyoyaandika kwa Kiswahili

Kosa hili ni langu, Marekani haihusiki. Nalisema mapema kwa sababu sisi watu wa Uvira na Mulenge, mashariki mwa Kongo, tuliotawanyika ughaibuni tuna mazoea ya kuitwisha nchi ya watu lawama za mambo tuliyoyafanya kwa mikono yetu. Hakuna aliyenilazimisha kusimika makaburi mbele ya nyumba yangu. Niliyanunua, nikayapanga, na maneno yaliyomuumiza mama wa watu niliyaandika mimi.

Naishi Des Moines, jimboni Iowa, miongoni mwa Wakongo na Warundi wengi waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika huku. Kila mwisho wa Oktoba watoto wa mji huu huvaa mavazi ya kutisha au ya kuchekesha, wakapita mlango kwa mlango kuomba pipi. Kwingineko Marekani hilo hufanyika 31 Oktoba, siku ya Halloween yenyewe. Des Moines ilijiwekea usiku wake tangu 1938, Beggars' Night, usiku wa waombaji, na kwa miongo mingi uliangukia 30 Oktoba, saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Viongozi wa mji walikuwa wamechoshwa na vijana waliovunja vitu vya watu wakati wa Halloween, wakaona heri watoto wapewe shughuli ya adabu. Ndiyo maana hapa mtoto hapewi pipi hivihivi. Kwanza atoe kichekesho, aghalabu swali lenye jibu la kipuuzi, na mwenye nyumba ajifanye hajui jibu.

Niliupenda usiku huo tangu mwaka wa kwanza. Mimi nimekulia Kalundu, mjini Uvira, karibu na bandari, na kwetu siku ya Mwaka Mpya, Bonané kama tulivyoiita, watoto tulivaa nguo mpya tukazunguka kwa majirani. Huku unapewa biskuti, kule nusu chupa ya Fanta, na mwenye roho nzuri alikuketisha kwenye sahani ya wali. Kumwona mtoto mlangoni akinyoosha mkono bila aibu kulinirudishia furaha hiyo. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kutaka kuwapokea. Ilikuwapo na mbaya: nilitaka majirani waache kunijua kama mkimbizi wa nyumba ya kona. Nilitaka nyumba yangu izungumzwe mtaa mzima.

Basi nikajiandaa kama mtu anayeoza binti. Jirani yangu mzungu, mstaafu mwenye subira, alinifundisha taratibu zote. Taa ya baraza ikiwaka, watoto wanajua wanakaribishwa, ikizimwa, wanapita. Pipi zinunuliwe zilizofungwa kiwandani, ndogondogo, na uongeze nusu ya kiasi unachodhani kinatosha. Mishumaa ndani ya maboga ni hatari kwa watoto wenye nguo ndefu, hivyo tumia taa za betri. Waya usivuke njia, maana mtoto aliyevaa barakoa haoni miguu yake. Pia akanifundisha habari ya boga la rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Tangu 2014 shirika la FARE, linaloshughulikia watu wanaodhuriwa na vyakula, limeieneza desturi hiyo nchi nzima. Boga hilo likiwa mlangoni, mzazi wa mtoto ambaye karanga humvimbisha koo anajua kuwa ndani lipo bakuli jingine lenye penseli, vibandiko na vitu vingine visivyoliwa.

Nikalipaka boga rangi hiyo na kulijaza bakuli la pili. Nilisoma maandishi ya kila pakiti nikitafuta karanga. Nayataja haya kwa sababu yananihukumu: nilikuwa na akili ya kutosha kumfikiria mtoto nisiyemjua, ambaye pengine asingepita kabisa, na ambaye mwili wake ungekataa kitu nilichompa kwa nia njema.

Baada ya pipi yakaja mapambo. Wamarekani hawana mzaha katika jambo hili. Tangu 2020 maduka ya Home Depot yanauza kiunzi cha mifupa cha plastiki chenye urefu wa futi 12, na watu wanakigombania. Mfuko wangu haukufika huko. Nilinunua kiunzi cha kimo cha mtu, utando wa buibui wa pamba, mashuka meupe ya kutundika mtini, na mawe ya makaburi ya sponji ngumu ambayo ukiyaona kwa mbali utaapa ni saruji. Yalikuja na maandishi ya Kiingereza. Nikaona hayana ladha. Watoto wa kwetu wangecheka nini hapo? Nikayapaka rangi ya kijivu upya, nikachukua brashi nyembamba na kuandika kwa Kiswahili. Moja lilisema: "Hapa amelala aliyemaliza sombe ya wageni." Jingine: "Marehemu alisema breki zinashika." Wenzangu kazini walipoona picha walicheka hadi machozi. Nikayapanga kwa mstari ulionyooka kando ya njia ya kuingilia. Mwisho nikaficha spika nyuma ya kichaka, ikitoa ngoma, filimbi na vilio vya watu.

Lawama nilizitarajia, lakini kutoka upande mmoja tu. Katika makanisa yetu ya Kiswahili wachungaji wengi huhubiri kwamba Halloween ni ibada ya shetani, na baadhi ya makanisa huwaandalia watoto karamu ya mavuno usiku huohuo ili wasiende mitaani. Nilikuwa na majibu yangu tayari: kwamba jina lenyewe linatokana na mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, kwamba mtoto aliyevaa kama nyuki haabudu chochote. Nilijitayarisha kwa hoja hiyo kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kusikia nyingine yoyote.

Jioni ilianza vizuri. Watoto walikuja makundi kwa makundi, wakatoa vichekesho vyao, nikajifanya mjinga, wakaondoka na pipi. Kisha akaja mama mmoja mzee wa mtaa wa pili akimshika mkono mjukuu wake aliyevaa kama simba. Ni mtu wa milima ya Mulenge, na alikuwa amefika Iowa mwaka uleule kutoka kambi ya Bwagiriza, Burundi. Aliposhika njia ya kwangu alisimama. Alisoma jiwe la kwanza, maana Kiswahili anakisoma, Biblia yake ni ya Kiswahili. Akasoma la pili. Kisha akauliza bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, muko na kilio?"

"Hapana, mama, tuko wazima. Ni muchezo ya batoto."

"Na ngoma?"

"Ya kuogopesha batoto tu." Na kwa kuwa nilidhani najua anakoelekea, nikacheka na kuongeza: "Usiogope, mama. Shetani hayuko hapa."

"Mimi sikusema shetani."

Akageuka. Mtoto aliondoka akitazama nyuma, kichekesho chake kikiwa bado mdomoni. Nami, nakiri, nilimwambia mke wangu kwamba wazee wa kanisa wana shida. Tukaendelea kugawa pipi hadi saa mbili.

Binti yake ndiye aliyenieleza baadaye, tena kwa upole nisiostahili. Mama yule alikuwa Gatumba.

Kwa msomaji wa mbali nitaeleza. Juni 2004, kufuatia mapigano ya Bukavu, familia nyingi za Banyamulenge, watu wa milima ya Mulenge, zilikimbia Uvira zikavuka mpaka kwenda Burundi, zikapewa hifadhi katika kambi ya Gatumba, karibu na Kongo. Usiku wa 13 Agosti 2004 wauaji walifika wakiimba nyimbo za dini, wakipiga ngoma na filimbi. Walipiga risasi, wakachoma mahema. Waliokufa walizidi 150, wengi wao Banyamulenge, na walikuwamo pia Wabembe na Wafuliru. Waasi wa FNL wa Burundi walitangaza kwamba ni wao. Majeneza yalipangwa safu kwa safu, na marehemu wakazikwa pamoja palepale Gatumba. Kuanzia 2007 baadhi ya walionusurika waliletwa Marekani.

Sasa rudi utazame uwanja wangu: mawe kwa mstari, yameandikwa kwa lugha yake, mashuka meupe yanapepea, ngoma na filimbi gizani, na sauti za watu wanaolia. Lau ningelipanga kumtesa nisingelipata vifaa bora zaidi.

Kujitetea kwamba sikujua ningeweza, ila ingekuwa uongo. Mtu wa Uvira hawezi kutojua. Kila Agosti 13 inapofika, simu yangu hujaa picha za majeneza yale, nami huandika "poleni" kama wengine. Na sisi wa pwani ya ziwa tuna maafa yetu. Makobola, kusini mwa Uvira, mamia ya raia waliuawa mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, siku zilezile za Bonané ninayoisifu hapa, na nyumbani kwetu wapo waliopoteza ndugu huko. Ukipanda bonde la Ruzizi utafika Mutarule, ambako watu waliuawa usiku mmoja wa Juni 2014. Kila ukoo una tarehe yake. Wakati mwingine tumezitumia tarehe hizo kurushiana maneno, huyu akihesabu wake na kuwasahau wa mwenzake, lakini hakuna anayeweza kusema hazijui.

Basi ilikuwaje? Nimejiuliza sana, na jibu halinipendezi. Nilipokuwa napanga uwanja niliutazama kwa macho ya watu niliotaka wanisifu. Kwa jirani yangu mstaafu kaburi la sponji ni sponji; wafu wake wako kwenye makaburi yenye majani yaliyokatwa vizuri, na akitaka huwapelekea maua. Kongo nasi tuna siku ya kuwatembelea wafu, 1 Agosti, sikukuu ya wazazi: asubuhi watu huenda makaburini kufyeka na kusafisha, mchana wakaketi na wazazi walio hai. Mwenye wafu wake Gatumba, naye yuko Iowa, hana pa kwenda na jembe. Nikamwekea kaburi njiani, tena la kichekesho. Yale ya Kiingereza pengine angeyapita kama mambo ya wenyeji. Kuyaandika kwa Kiswahili ndiko kulikoyafanya yawe yetu.

Na jibu langu lilizidi ubaya wa mapambo. Mapambo yalikuwa uzembe. Jibu lilikuwa kiburi: alinipa nafasi mara mbili, aliuliza kilio, akauliza ngoma, nami nikamjibu mchungaji ambaye hakuwapo.

Wapo walionusurika Gatumba walioamua kusimulia. Sandra Uwiringiyimana, aliyekuwa mtoto wa miaka 10 usiku ule na kumpoteza mdogo wake wa kike, alitoa kitabu chake How Dare the Sun Rise mwaka 2017. Alichagua wakati wake na maneno yake. Mama huyu hakuwa amechagua. Mimi ndiye niliyemfungulia habari hiyo barabarani, mbele ya mjukuu ambaye hakuwa ameambiwa bado.

Nilikwenda kuomba radhi kwa taratibu za kwetu, nikiongozana na mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, na sukari mkononi. Sikueleza nia yangu ilikuwa nini, maana mzee alikuwa amenionya njiani: nia yako si habari yake. Nilisema nilichofanya, kimoja kimoja, hadi lile la shetani. Mama alisikiliza, akasema yameisha, akaagiza chai.

Sijaacha kupokea watoto, wala simshauri mtu aache. Watoto wetu wana haki ya kucheka na wenzao. Ila orodha yangu ya maandalizi imebadilika. Makaburi niliyavunja. Ngoma na vilio sitaki tena. Pembeni hupigwa muziki wa kawaida. Maboga yamebaki, buibui wamebaki, taa za betri na mabakuli mawili pia. Na kabla sijafika dukani huwapitia majirani wa kwetu, wa milimani na wa pwani, hasa waliofika karibuni, nikawaambia usiku gani watoto watapita, watavaaje, na kwamba atakayegonga mlango ni mtoto. Mwenye kutaka nimzimie taa ya baraza na kukaa naye ndani, husema. Kuna waliosema. Kazi hiyo huchukua jioni chache, na haigharimu hata pakiti moja ya pipi.

Mjukuu yule bado hajaja mlangoni kwangu. Sijamuuliza mama sababu, na sitamuuliza.